Na Ng'ombe Je?

Mwezi ukishiba, dagaa hawadanganyiki na karabai.
Mitumbwi hulala kifudifudi mwaloni Kayenze
na mama hukosa cha kuanika.
Ndipo aliponiambia: lete kile kitabu chako cha mtihani,
nisomee, lakini kwa lugha ya watu.

Jalada halikuwepo. Kurasa zilinuka mafuta ya taa,
na mwanafunzi fulani wa Bwiru, wa miaka ya nyuma,
alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: huyu mwanaume mwongo.
Nikatafsiri huku nikijikwaa:
hapo kale, Uingereza, palikuwa na mjane na mabinti watatu,
na nyumba yenye bustani
ambayo sheria imempa mtoto wa shemeji.

Mama akaacha kuchambua mchele.
"Sheria hiyo naijua," akasema. "Endelea."

Majina yalimshinda, akayabatiza upya.
Binti mkubwa akawa Wande. Wa pili, mwenye mdomo, Milembe.
Kapteni mwenye farasi na madeni
akawa Yule wa Sengerema,
nami sikuthubutu kuuliza kwa nini Sengerema.

Tulipofika kwenye posa akainua ungo kunizuia.
"Na ng'ombe je?"
Hakuna ng'ombe, mama. Baba wa binti ndiye hutoa fedha,
paundi elfu kadhaa, zinamfuata bibi harusi.
Alicheka mpaka Bi Nyamizi akachungulia dirishani kwake.
"Yaani unamlea, unamlisha, halafu unamlipa mtu amchukue?"
Kisha kicheko kikakatika
kama injini ya boti iliyomeza magugu maji.

"Mimi nilikuwa ng'ombe kumi na mmoja.
Walilala kwetu siku mbili.
Jumatatu waliingia, Jumatano mjomba wako Ng'wandu
akawaswaga kwenda Magu, akaoa kwa hao hao.
Mwaka wa tatu baba yako aliponivunja huu mkono"
(ule usionyooka, tulioambiwa siku zote ni ndoo ya kisimani)
"nilirudi kwetu usiku.
Mama yangu akanipikia uji, hakusema neno.
Asubuhi akanionyesha mke wa Ng'wandu,
mimba ya miezi minane, anafagia uwanja.
Akaniuliza: tukirudisha ng'ombe,
huyu tumrudishe wapi?"

Nje ziwa lilikuwa jeupe kama bati jipya.
Kidole changu kilikuwa bado kwenye mstari
ambapo Milembe anamkataa mwenye kinu cha kusaga.

"Anamwambiaje?"
Anasema hapana, mama.
"Hapana tu?"
Hapana kwa ukurasa mzima.
"Isome yote. Usiruke."

Nikasoma. Pale Kiingereza kiliponishinda
nikatia maneno yangu, na sijawahi kuyajutia.

Kurasa za mwisho zilikuwa zimefungia karanga za mtu.
Mama hakujali.
"Hao wanaishia kanisani," alisema,
"kwa sababu mwandishi alichoka."

Miaka minne baadaye walikuja wa Misungwi kunitolea mahari.
Wazee wakabishana, wakakubaliana nane.
Kaka yangu Lukelesha alikuwa amevaa shati la pasi;
alishapata mchumba, alikuwa anangoja hao nane wavuke uwanja.
Mama akasimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi,
akasema mbele ya wanaume, bila kupaza sauti:
"Ng'ombe wa huyu hawatamwolea mtu.
Wakae zizini mpaka wazeeke."

Mjomba Ng'wandu alitazama chini muda mrefu.
Ni yeye aliyesema: na iwe hivyo.

Lukelesha aliuza mtumbwi ndipo akaoa.
Hunisalimia, lakini kwa kutazama pembeni.
Mmoja alikufa kwa ndigana, mwingine amezaa.
Sina ugomvi na mume wangu, ni mtu mwema.
Ila nikienda Kayenze, kabla sijaingia ndani,
huwa napitia zizini,
nawahesabu.