Kipimo cha Februari

Mwezi wa pili huku Uonuma, paa limebeba theluji mita mbili
na nyumba imekunja magoti.
Boriti ya juu ya mlango imelegea kidogo tu,
unene wa sarafu mbili,
ikatosha. Mlango wa chumba cha mama
umekwama katikati ya mfereji wake,
haufungi, haufunguki,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Nimeazima randa ya umeme kwa Bwana Hoshina,
auzaye mbegu za mpunga wakati wa joto
na wakati wa baridi hauzi kitu.
Alinionyesha kirungu cha mbele:
“Zungusha hapa. Nusu milimita. Usiwe na tamaa.”
Kisha akaviangalia vidole vyangu, akavihesabu kwa macho
kana kwamba ndivyo nilivyoweka rehani.

Mlango nikaulaza juu ya meza ya kulia,
ukingo ukitokeza nje, mweusi kwa moshi wa miaka.
Nikabonyeza.
Randa ikalia kilio cha mbwa aliyekanyagwa mkia,
halafu ikatulia ndani ya kelele yake yenyewe.

Baba alikuwa akiivuta randa yake ya mkono,
akiileta kifuani kama anayemwita mtoto.
Hii hutaka kusukumwa.
Nilisukuma. Nilikuwa namfukuza nani, sijui.
Wala maranda hayakuwa yale yake, marefu,
ambayo ukiyainua kwenye taa unasoma gazeti upande wa pili;
haya yalikuwa chenga, yakaruka ubavuni
yakaingia kwenye supu, kwenye soksi,
yakatua juu ya picha yake penye ubani.
Mekundu.
Mkupuo wa tatu, mekundu. Wa tano, mekundu.
Wa nane yakageuka manjano ghafla
nikasema, ndio uzee wa mti,
mwerezi nao una rangi zake.

Mama alikuja akasimama mahali palipokuwa na mlango,
midomo ikicheza.
Niliinua kidole: ngoja.
Nilipozima mashine alikwisha kurudi kwenye figili zake.

Usiku ule mlango uliteleza kwa kidole kimoja.
Nikalala fundi.

Aprili theluji iliporomoka kutoka paani, siku tatu, kishindo juu ya kishindo,
na nyumba ikanyoosha magoti.
Boriti ikapanda.
Asubuhi mlango ulikuwa ukigongagonga kwa kila hatua
kama meno ya kubandika,
na juu yake ufa: sarafu mbili kamili.

“Nilikwambia,” mama akasema, “lakini ulikuwa unanguruma.
Nyumba haipimwi ikiwa na mzigo kichwani.
Baba yako aliunyoa mlango huu huu mwaka uliozaliwa,
theluji ilifika kwenye nyaya za umeme.
Masika yalipokuja akabandika ufito wa mcheri, usiku,
akaupaka masizi usionekane.
Alidhani nimelala.”

Kwa hiyo ndio niliokuwa nikiula, nusu kwa nusu,
mikupuo saba ya aibu ya baba
hadi nikafikia ya kwangu.

Ndani ya sanduku lake la vipande, chini kabisa,
nimekuta ubao wa mcheri uliobaki, umefungwa kwa kamba ya mpunga.
Nimeupima. Unatosha.
Sijaupasua bado.
Usiku taa ya mama huchora mstari darini kwangu,
namsikia akijigeuza, akikohoa,
akimweleza mtu fulani bei ya mayai.

Randa niliirudisha mwezi wa tano, pamoja na chupa ya pombe ya mchele.
Bwana Hoshina alihesabu: kumi.
Akaipindua, akaigonga koo,
maranda machache yakadondoka kiganjani mwake.
Akayanusa.
“Ulisema mlango wa mwerezi.
Mcheri huu umeutoa wapi?”