Kugeuza Madishi

Niliitwa Kabula kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha,
na mvua ndiyo adui wa kazi yangu.
Wingu likisimama juu ya Ukerewe
simu inaanza kuita:
"Mama Dishi, huku chenga tupu."

Miaka kumi na moja nimekwea mapaa ya Kirumba,
nimekwea Mabatini, nyumba zimepanda mawe
kama mbuzi,
spana mfukoni, waya begani,
na wa sebuleni akinipigia kelele:
"Bado... bado... hapo! Hapo hapo! Aah, umepita."

Kulikuwa na Upeo, dishi lake likitazama Nyakato.
Kulikuwa na Kimondo, likitazama ziwa.
Mzee Magafu, karani mstaafu wa reli,
alihama kila Januari kama mchungaji
malisho yakiisha.
Aliegemea kaunta yangu:
"Waambie wasiponipunguzia, naenda ng'ambo."
Nami nikapiga simu, sauti nimeivika huzuni,
na Upeo wakatoa mwezi wa bure.
Si kwa huruma.
Kwa kuwa ng'ambo ilikuwepo.

Jumatatu ikaja barua. Wameungana.
Ina nembo mpya: nyota imemeza mstari,
au mstari umemeza nyota, sikuelewa.
"Kwa furaha kubwa," inaanza.
Aya ya nne ndiyo yangu:
wakala asiyefikisha wateja themanini kwa mwezi
awaelekeze wateja wake kwenye namba ya huduma.
Wateja wake. Wameandika hivyo,
halafu wakawachukua.

Nina ving'amuzi kumi na vitatu vya Upeo rafuni,
nailoni haijatoka.
Nilivikopea kikoba,
na Alhamisi Nyamizi, mweka hazina,
hataulizia muungano. Ataulizia rejesho.

Akaja Shija, mwenye kibanda umiza cha Igombe:
"Nimelipia mpaka tarehe kumi na tisa.
Mechi Jumapili. Kioo kinaniambia nisubiri.
Nimsubiri nani?"
Tukaipiga ile namba, spika wazi.
Binti wa mashine akasema bonyeza moja, bonyeza tatu,
akatushukuru kwa uvumilivu tusiokuwa nao
mpaka salio la Shija likakata.
Akanitazama mimi, hakuitazama simu.
Uso wa kampuni, hapa Kirumba, ni huu,
wenye kovu la bati kidevuni.

Sisemi yote mabaya.
Dada yangu Milembe amefurahi: kisanduku kimoja
kina tamthilia zake na mpira wa mumewe,
ingawa sasa wanagombania rimoti.
Bei nayo haijapanda.
Bado.
Neno hilo nalijua. Nimelisikia sana nikiwa juu ya paa.

Na wiki hii, ajabu, nina kazi kuliko mwaka mzima.
Kila dishi la Upeo ligeuzwe, litazame ziwa,
elfu saba kwa paa.
Nawageuza mmoja mmoja
kuelekea kwa mtu asiyenihitaji,
nafunga nati, nakaza,
kwa sababu kazi mbovu siijui.

Jana nilikuwa kwa Magafu.
Yuko chini, ameshika ngazi kwa mikono miwili.
"Kabula, ukiwa huko juu,
hebu niangalizie. Ng'ambo ni wapi sasa?"
Nikatazama. Mapaa yote mpaka Kiloleli,
madishi yote shingo upande mmoja.
Nikamwambia, "Mzee, shika ngazi."

Yaliyooza kutu hayageuzwi, yanang'olewa.
Wanawake wa Igombe wananunua kwangu, elfu mbili moja,
wanaanikia dagaa.
Wanasema linashika jua vizuri,
samaki hawagusi mchanga.
Mvua ikitishia wanalibeba wenyewe, mbio, ndani.
Hawampigii fundi.