Mkate wa Saumu, Isevya

Walituletea kabla ya kuku:
slesi nne ndani ya kikapu, zimefunikwa kitambaa cheupe
kama mtoto aliyelala.
Shija alikuwa amelipwa malimbikizo yake ya reli,
miezi saba kwa mpigo,
akasema leo hatupiki, vaa viatu.
Hoteli ile ya karibu na stesheni
nilikuwa naijua kwa ukuta wa nje tu.

Nikauma.
Ukoko ukalia kwanza, kha!
ndani laini, siagi ikanitiririka hadi kiwikoni,
na saumu, si ile ya pilau inayokuja na wenzake,
bali saumu peke yake, imetulia, imekuwa tamu.
Kuku alipoletwa sikumtazama usoni.
Niliitazama risiti: mkate, elfu sita.
Elfu sita! Kwangu hiyo ni mikate mitatu mizima
na chenji ya mkaa.

Jumatatu nikajaribu.
Saumu niliitupa kwenye mafuta yanayofoka,
ikawa nyeusi kabla sijaushika mwiko,
chungu kama mwarobaini.
Nyamizi akaonja, akatema, akaniuliza
kama ni dawa ya minyoo.

Jumatano nikatumia ya kopo, ile ya njano iliyokolea
isiyoyeyuka hata jua la Oktoba likiikodolea macho.
Mkate ukalowa, ukanilegea mkononi
kama barua iliyonyeshewa.

Nikaacha. Nikajifanya nimesahau.

Halafu akapita Mama Ng'washi, katokea Uyui,
na siagi aliyoisuka mwenyewe alfajiri,
bado ina harufu ya moshi wa kibuyu.
Akanionya: usiichemshe hii, itageuka samli ikukimbie.
Iache ilainike yenyewe.

Basi sikiliza, kama nawe una hamu na huna elfu sita.
Mkate uwe wa jana; wa leo umejaa mvuke, haupokei kitu.
Saumu punje sita, ziponde na chumvi kwenye kinu
mpaka zisahau kwamba zilikuwa punje.
Nusu iache mbichi.
Nusu ipitishe kwenye siagi kwa moto wa majivu,
moto wa kupasha uji wa mgonjwa, si zaidi.
Changanya. Tia giligilani,
maana lile jani la hotelini sijui hata linaitwa nani.
Paka mpaka ukingoni; anayepaka katikati tu
ana wageni asiowapenda.
Sufuria kavu, mfuniko wa bati,
palia makaa juu, chini bakiza machache,
na usiende kwa jirani.
Tega sikio: ikilia chrr, bado.
Ikinyamaza, epua.

Kwa jirani harufu ilikwenda yenyewe.
Bi Mashavu akaita kupitia ukuta,
"Kalunde, mna mgeni?"
Nikasema ndiyo.

Shija alirudi saa tatu usiku, grisi kwenye kucha.
Nikamwekea kwenye sinia, nimefunika kwa kanga.
Akauma. Kha! Nikabana pumzi.
Akatafuna polepole, kama anahesabu mataruma.
"Ndio wenyewe," akasema. "Ila kuna kitu kimepungua."
Chumvi? Hapana.
Saumu? Akatikisa kichwa.
Umeme ukakatika, ukarudi, na sisi tumekaa vilevile,
tunautazama mkate kama mkwe aliyekuja bila taarifa.
Ndipo nikakumbuka. Kule
niliinuka mezani nikaziacha sahani na mifupa yake,
na hakuna aliyeniita.

Nikamwambia.

Hakujibu. Alikunja mikono ya shati,
akabeba sinia, sufuria, kinu,
mpaka mwiko ambao sikuutumia,
akatoka uani kwenye beseni,
nikasikia maji yakigombana na bati.

Mkono mtupu haulambwi, ndivyo wasemavyo.
Wangu niliulamba, kidole kimoja kimoja,
nikalala nao hivyohivyo
bila kunawa.