Alasiri za Jumatano

Eluned Pryce hufundisha watu kumeza.
Kazi yake ni koo: uji, mate, dawa ya asubuhi,
na jina la mke lililokwamishwa na kiharusi.

Miaka tisa ameyaona maji yaliyotiwa unga yawe mazito
yakirudi jikoni, vikombe vimejaa.
"Gundi hii," alisema mzee Gethin, akafumba mdomo.
Eluned akahesabu nyuma ya karatasi ya zamu:
kumi na viwili Jumatatu, tisa Jumanne,
kisha wagonjwa wakazidi, hesabu ikakatika.

Utafiti ni wa madaktari, alidhani,
wenye ofisi zenye mlango.

Mkuu wa idara hakumpa hotuba wala cheti cha kutundika.
Alimpa alasiri za Jumatano
na kijana wa takwimu asiyecheka swali la kijinga.
Kisha akamleta Marged ashike wodi saa hizo,
maana muda usio na wa kukushikia zamu
ni sanduku la zawadi, ndani hewa.

Leo mvua ya Wrexham inapiga dirisha la stoo
iliyogeuzwa ofisi; bado inanuka sabuni ya sakafu.
Vikombe mia tatu na kumi na vinne.
Jibu bado. Huenda likamkana.
Simu inaita wodini, ukutani kwa pili.
Anainuka nusu,
anakumbuka Marged yupo,
anakaa.