Kifuu Namba Kumi na Nne

Baba hakuwa na duka. Alikuwa na chumba cha nyuma
kwa fundi Shekue, mshona suruali wa Kibokoni,
magodoro matatu yameegemezwa madirishani,
maikrofoni moja inaning'inia kwa uzi wa kushonea,
na jina: Kifuu.

Kifuu cha nazi, alisema, ni bahari ya chungu.
Akamchora chungu mwenyewe, kwa wino wa zambarau,
mguu mmoja umezidi. Hesabu: saba.
Mpiga chapa hakuuliza.

Siku ya kurekodi nyumba nzima ilikatazwa kukohoa.
Cherehani ilinyamaza kwa shilingi tano.
Mimi nilitumwa konani kumzuia muuza kahawa
asigonganishe vikombe mpaka Bi Rukiya Mwinyikai amalize ubeti.
Lakini kunguru, nani atamzuia?
Yumo. Kifuu namba saba, upande wa pili,
anaingia baada ya fidla, wala hatoki nje ya sauti.
Baba alikataa kurudia.
"Huyu," akasema, "hatadai malipo."

Santuri zilichapwa Nairobi, zikashuka kwa gari moshi,
mia tatu ndani ya masanduku ya chai, kumi zimepinda.
Zilizopinda mama alizitia maji ya moto,
akazikunja zikawa bakuli za asumini.
Majalada tuliyagundisha usiku kwa uji wa ngano;
namba tatu ililiwa na mende kabla haijasikilizwa.

Mwimbaji alilipwa kwanza,
kisha gari moshi, kisha fundi Shekue, kisha sisi.
Kuna miezi ile "kisha" ya mwisho haikufika.
Na kodiani inayopumua nyuma ya kila mtu
ni ya baba. Haikuandikwa popote.

Namba kumi na nne aliiweka yake.
Lebo zikaja mapema: mia tatu, duara, tundu katikati,
*Shebwana Athmani Mkuu, kodiani na sauti.*
Fedha ya santuri yenyewe ikasubiri.
Ilipokuwa inasubiri, ikaja kaseti.
Tukamsikia Bi Rukiya Mwembe Tayari,
kwenye kibanda tusichokijua, shilingi ishirini,
sauti imekonda kana kwamba imepitishwa bombani.
Baba alinunua moja. Akaisikiliza hadi kunguru.
"Hata yeye wamemwiba."

Kumi na tano ilitoka, kwa deni, ya kijana wa Kisauni.
Kumi na nne, la.
Mama akazibandika zile lebo kwenye chupa za achari ya embe,
na jina la baba likazunguka mtaa mzima,
likaingia majikoni, likapata mafuta na pilipili.

Juzi amekuja kijana na kompyuta na glavu nyeupe.
Akazipanga santuri sakafuni, moja moja, kama anayetandika mkeka.
Kumi na tatu. Kumi na tano.
Akainua kichwa. "Shangazi, kumi na nne iko wapi?"

Nilikuwa nayo lebo moja, ndani ya msahafu.
Sikuitoa.

"Imeisha," nikamwambia.
"Hiyo haikumaliza hata wiki."