Neno la Nne

Masaka, mwezi wa tatu. Pazia bado ni shuka,
pasi ilipotelea mpakani.
Baba Hiza huenda kiwandani kuonja kahawa,
mimi hubaki na funguo ambazo milango yake siijui.

Hiza, miaka sita, ameshatuacha nyuma:
humwuliza bei muuza ndizi kwa Kiganda,
kisha hunitafsiria, akiongeza ya pipi.

Jirani Nakibuuka nilimwamkia, "Shikamoo."
Uso wake ukafungwa kama duka.
Baadaye alimwambia mtoto:
Kiswahili nakijua, maneno matatu.
Nilifundishwa barabarani usiku, na wenye bunduki.
Simama. Lala. Toa.

Wiki mbili lugha niliyobembelezewa
nikaitembeza ndani kwa ncha za vidole.
Hata kumgombeza Hiza, nilinong'ona.

Jana, mvua ikianuka, sauti getini:
"Koodi! Koodi!"
Matoke mikononi, mvuke ungali kwenye majani.
Nikasimama na mwiko wangu.
Hodi yetu hiyo, imevaa gomesi,
ameishi nayo tangu utotoni.

"Karibu," nikasema, kwa sauti kamili.
Akavua viatu, akaingia,
wala hakuuliza ni lugha gani.