Sufuri

Februari, Tartu. Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha.
Chumba cha majaribio kina kiti, skrini,
kitufe kimoja chekundu,
na mzee Kaljo, aliyeongoza treni miaka thelathini na mmoja
kwa simu na penseli.

Kazi ni nyepesi, namwambia.
Nakupa tarakimu, uzishike kichwani, usizitamke.
Taa ya kijani ikiwaka, bonyeza. Kisha unisomee.

Moja: tisa.
Taa. Kidole kinashuka kama paka juu ya panya.

Tatu: nne, nane, mbili.
Taa. Paka ni yule yule, ila ametazama nyuma kwanza.

Sita. Midomo yake inacheza bila sauti,
anazibeba kama mtu anayevuka barabara na trei ya mayai;
taa inawaka, anaiona,
lakini nani hukimbia na mayai?
Kidole kinakuja, kinakuja,
kimefika.

Nusu sekunde na ushei. Naandika.
Hakusahau hata moja. Zote sita, kwa mpangilio wake.
Mzigo haukuanguka; ulilipiwa nauli.

"Kazini," anasema, "nilikuwa na treni ya mbao kutoka Valga,
ya abiria nyuma yake, na mafundi kwenye reli ya pili.
Mtu akiniuliza sukari vijiko vingapi
namtazama tu. Helju alidhani ni kiburi."
Anacheka. Nami nacheka.

Raundi ya mwisho: sufuri. Usishike chochote.
Hiki ndicho kipimo cha kupimia mengine yote,
kichwa kitupu, kidole huru.

Taa.

Nakagua waya. Nawasha upya.

Taa.

Amechelewa kuliko kwa zile sita.

"Mzee, nilisema usishike kitu."
"Sijashika kitu chako."
Nje, mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.
"Mia nne kumi na saba. Wodi yake.
Nilikuwa nairudia nikipanda ngazi, nisije nikapotea.
Tangu Novemba hakuna wa kumwendea kule,
ila hakuna aliyeniambia niitue."

Fomu yangu ina safu ya sababu za kufuta jaribio:
kikohozi, kelele, kitufe kukwama.
Nazisoma juu hadi chini.

"Tuendelee?" anauliza,
kidole tayari.

Nachelewa kumjibu.